Lisbon kwa Siku Saba: Utelezi, Samaki Mkavu na Dhahabu ya Kilwa

Saa mbili baada ya kufika Lisbon, mji mkuu wa Ureno, nilikuwa nimekaa chini, kando ya barabara, mguu mmoja huku na mwingine kule, watu wakinipita. Mvua yenyewe ilikuwa ya rasharasha tu. Lakini njia za waenda kwa miguu za mji ule zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mkono kimoja kimoja kwa nakshi za mawimbi, na nyayo za watu zimevisugua mpaka vinang'aa kama sahani. Kwa macho ni pambo. Kwa mtu aliyetoka Mbagala na raba zilizolika soli, ni mtego. Mzee mmoja akanishika mkono, akaninyanyua, akavionyesha viatu vyangu kwa kidole na kutikisa kichwa. Hatukuwa na lugha moja, ila nilimwelewa vizuri sana.

Naanza na hilo kwa sababu kila aliyenisimulia Lisbon kabla sijaenda alinisimulia jua, samaki na tramu za njano. Wa kuniambia habari ya viatu hakutokea.

Nilikaa siku saba, Oktoba 2024, na kila senti ilitoka mfukoni mwangu, kwa hiyo sina wa kumpamba. Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja, nilipitia Istanbul. Visa ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima na hairudishwi hata ukinyimwa. Makaratasi yake mnayajua, tuyaache.

Nilipokuwa bado chini pale, nikitafuta kiatu, niliona kibao ukutani kimeandikwa IGREJA. Ni kanisa. Nikalitamka polepole na likanijia: gereza. Kwetu Kilwa Kisiwani, kwa upande wa mama, ile ngome ya ufukweni mpaka leo inaitwa Gereza, na wajuzi wa lugha husema neno ni hilohilo la Kireno: lilitoka kanisani likaingia ngomeni, na kutoka ngomeni likaishia kwa wafungwa.

Kuanzia hapo safari ikageuka mchezo. Mhudumu anaifuta *mesa*, anakuletea *copo*. Juu ya jengo inapepea *bandeira*. Mto nilioulalia umevishwa *fronha*, yaani foronya. Gari la zimamoto limeandikwa *bombeiros*, nikacheka peke yangu nikikumbuka bomba la maji la nyumbani. Siku ya tatu mpini wa sanduku langu ulilegea, nikaingia duka la vifaa vya ujenzi nikaomba parafujo, kwa Kiswahili hivyohivyo. Nikapewa *parafuso*. Maneno haya nayatumia tangu nianze kusema, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nayasikia kwa wenyewe. Nilifurahi, kisha nikaanza kujiuliza yalifikaje kwetu.

Mji umekaa juu ya vilima, kando ya mto Tejo ambao pale ni mpana mpaka mgeni anaudhania bahari. Wenyewe husema vilima ni saba. Magoti yangu yalihesabu zaidi. Sehemu tambarare ni Baixa, katikati, na imenyooka hivyo kwa sababu ilijengwa upya: tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ilitetemeka, mto ukapanda na mawimbi, kisha moto ukamaliza kilichobaki. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, ndiye aliyesimamia ujenzi mpya, mitaa ikapigwa mistari kama daftari la hesabu. Kanisa la watawa la Carmo liliachwa bila paa, na limebaki hivyo. Katika makanisa yote niliyoingia, ndilo nililolipenda. Matao yamesimama, juu ni mbingu, njiwa wanapita. Nilikumbuka Msikiti Mkuu wa Kilwa, upande ule wa zamani usio na paa.

Tramu namba 28. Mimi nimekulia Mbagala, daladala nimeingilia dirishani nikiwa na sare za shule, kwa hiyo msongamano haunitishi. Lakini ile foleni ya Martim Moniz ilinichukua saa nzima na zaidi, na ndani tulibanwa kama dagaa kopo. Gari ni zuri, la mbao, la miaka ya 1930, linapinda kwenye vichochoro mpaka unaweza kugusa nguo zilizoanikwa. Niliposhuka nilikuta zipu ya mkoba imefunguliwa. Kikapochi hakipo: yuro 35 na kitambulisho changu cha taifa. Kwa hiyo kuna kibaka mmoja Lisbon ambaye sasa ni raia wa Tanzania, mzaliwa wa Temeke. Ushauri wangu: kama lazima uipande, panda saa moja asubuhi, au anzia mwisho wa pili, Campo de Ourique. Vinginevyo nenda kwa miguu, njia ni ileile.

Kuna pia viberenge vya kupandisha vilima. Nilipanda kile cha Glória mara mbili, kwa raha zangu. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Septemba 2025, kiliacha njia kikaua watu 16. Picha nilizopiga ndani yake sijaweza kuzitazama vilevile.

Sasa Belém. Kila mwongozo wa utalii utakupeleka huko siku ya kwanza au ya pili, na foleni zake ni za hija. Utawa wa Jerónimos uliagizwa na mfalme Manuel I mwanzoni mwa miaka ya 1500, na fedha zake zilitoka kwenye ushuru wa viungo na bidhaa za Afrika na Mashariki. Mawe yamechongwa kamba za meli, matumbawe, matunda. Ni kazi ya ajabu, sitasema uongo. Ndani ya kanisa, karibu na mlango, yupo Vasco da Gama, aliyefia Cochin, India, mwaka 1524. Mwenzake wa upande wa pili ni mshairi Camões. Watu wanapiga picha na jeneza la mawe. Mimi nikisimama kaburini nimezoea kusoma dua yoyote ile. Pale sikuwa na cha kusoma.

Ukitoka unakwenda kwenye mnara wa wavumbuzi ulioko mtoni, Padrão dos Descobrimentos, uliojengwa kwa zege na mawe mwaka 1960, zama za udikteta wa Salazar: mabaharia, mapadri na wafalme wamepangwa kwenye omo ya jahazi wakitazama maji. Chini, kwenye sakafu, kuna dira kubwa yenye ramani ya dunia ndani yake, zawadi ya Afrika Kusini ya wakati ule, mkijua ilikuwa Afrika Kusini ya akina nani. Ramani ina merikebu na miaka. Nikaitafuta pwani yetu, nikaikuta chini ya kiatu cha mtoto aliyekuwa anakula aiskrimu. Hakuna mahali palipoelezwa watu wa pwani hiyo waliamkaje siku merikebu zilipotokea. Jina la Vasco da Gama, hata hivyo, halikuishia kaburini: daraja la Vasco da Gama, la zaidi ya kilomita 12, lilifunguliwa mwaka 1998. Kuna na maduka ya Vasco da Gama, ghorofa kadhaa, yana vyoo visafi.

Keki za krimu za Belém, zinazookwa hapo tangu 1837, zinastahili foleni. Unazinyunyizia mdalasini mwenyewe. Nilikula tatu.

Ningekuwa na mamlaka ya kuwapangia wageni wa kutoka pwani yetu, ningewaambia: Belém baadaye, anza Museu Nacional de Arte Antiga, yaani makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, mtaa wa Janelas Verdes. Watalii wengi wanaliruka jumba hilo. Jumatatu hufungwa. Nilikwenda kwa sababu ya kitu kimoja tu, nilichokuwa nimekisoma miaka mingi nyuma na kukitilia shaka.

Kinaitwa Custódia de Belém. Ni chombo cha kanisani cha kuwekea mkate mtakatifu, cha dhahabu na rangi za kuchomwa, urefu sentimita 73, kama mtoto aliyeanza kutembea. Kimenyanyuka kama mnara mwembamba wa vijinguzo. Katikati mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka kioo, kila mmoja na sura yake, wadogo kama vidole. Kazi inahesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Na chini, kwenye kitako, yamezungushwa maandishi ambayo hata mtu asiyejua Kireno anaweza kuokota neno moja ndani yake. Yanasema mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu na kodi ya Kilwa, kikamalizika 1506.

Hawakuficha. Wameandika wenyewe, kwa dhahabu yenyewe.

Mwaka 1502, safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim akubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ikafika Lisbon 1503. Mwaka 1505 alikuja mwingine, Francisco de Almeida, na kundi la merikebu. Mji ukaporwa, ngome ikajengwa, na kutoka hapo akaenda kuichoma Mombasa. Kilwa wenyewe waliikalia mpaka 1512 tu, wakaondoka. Nikiwa mkweli, dhahabu ile hata Kilwa haikuchimbwa. Ilitoka bara, nyanda za Zimbabwe, ikateremka Sofala, na masultani wetu wakatajirika kwa kuipitisha. Lakini nilipelekwa Kilwa Kisiwani nikiwa darasa la sita, kwa mashua, tukatembezwa Husuni Kubwa kwenye magofu na popo, mwalimu akisema hapa palikuwa na dhahabu, nasi tukitazama mawe na kupiga miayo. Nimefika miaka 41 ndipo nimeiona, na iko chini ya kioo kilomita maelfu kutoka ilipotozwa.

Nikampigia mama kwa video. Yuko Kilwa Masoko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Tazama hapa." Nikageuza simu.

Akasogeza uso. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii. Imeandikwa Kilwa pale chini."

"Mbona wameifanya kanisa?" Kisha, baada ya muda, "Na umelipa kuingia?"

"Nimelipa, mama."

"Wangekupunguzia."

Mlinzi akaja akanifanyia ishara ya kunyamaza, kwa adabu. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, naye sidhani alijua lipi kati ya hayo mawili lilimleta.

Nilikaa saa moja nzima mbele ya kile kioo. Walipita watu kama thelathini. Wengi walisimama, wakasema kitu cha kusifu, wakaenda. Kibao cha maelezo kinaitaja Kilwa kwa jina na mwaka. Kwa hilo nawapa heshima. Lakini jina tu, bila ya kusema Kilwa ni mahali gani na imebaki nini, ni sawa na kusoma jina kwenye risiti.

Kula. Kwa Mwislamu, Lisbon ni rahisi kuliko nilivyoogopa kwa sababu samaki ni wengi, ila nguruwe anajificha. Ile supu yao ya kijani, *caldo verde*, ukiitazama ni sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kwenye viazi, unaiona haina neno. Wanadumbukiza kipande cha soseji ya nguruwe juu. Uliza kabla. *Bacalhau* ni samaki wa bahari za baridi aliyetiwa chumvi na kukaushwa, anatoka Norway, na dukani amepangwa kama mbao. Harufu yake iliniingiza moja kwa moja kwenye jiko la bibi: ng'onda na papa. Wanamloweka siku nzima na zaidi wakibadilisha maji, kama sisi. Aliyechambuliwa akachanganywa na mayai na viazi vyembamba alinishinda, nilimrudia siku tatu. Pweza wao wanamchoma na mafuta mengi ya zeituni, laini mpaka anakatika kwa uma. Nimekula pweza wa Feri tangu utotoni na nasema bila aibu: wale wametuzidi. Pilipili ndiyo hawana, labda kwenye kuku.

Tahadhari ya mezani: unakaa tu, wanakuletea mkate, zeituni na jibini bila kuagiza. Si takrima. Ukigusa unalipa. Usipogusa, hulipi, na una haki ya kuwaambia waondoe. Mkahawa mmoja wa karibu na uwanja mkubwa walinitoza vyote ilhali zeituni hata sikuzitazama. Nilibishana kwa Kiingereza cha hasira mpaka wakafuta.

Kuku wa *piri-piri* nilimla kwenye kibanda cha mtaani, na neno hilo ndilo letu, limekwenda kwao kutoka pwani yetu ingawa pilipili kali yenyewe wao ndio walioileta kutoka Amerika. Nilikuwa nimejitanda kanga kwa baridi. Kijana aliyeleta sahani akasimama akaisoma kanga, midomo inacheza. Akaniambia, "Dada, unatoka Tanzania." Ni wa Cabo Delgado, Msumbiji, lugha yake Kimwani, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Mtwara, alikofanya kazi ya kupakia korosho. Tukaongea mpaka mwenye kibanda akakohoa. Aliniambia Wareno si watu wabaya ila wanapenda kukumbuka nusu. Alinieleza pia kwamba chumba chake kinakula zaidi ya nusu ya mshahara, wanalala wanne.

Na hilo la vyumba linaonekana. Nilipanga Alfama, mtaa wa kale ambao jina lake ni la Kiarabu, nasaba moja na hamamu, kwa sababu Waislamu waliushika mji ule karne kadhaa mpaka 1147. Vichochoro vyake vingenipoteza kama Mji Mkongwe wa Unguja usingenifundisha kufuata mteremko. Mahali ni pazuri mno. Lakini milango imejaa visanduku vya namba za kufungulia funguo za wageni, na alfajiri unaamshwa na magurudumu ya masanduku juu ya vijiwe, krrrr, kama mashine ya kusaga. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini, wa mwisho katika jengo letu kuwa mwenyeji, alikuwa ananiitikia salamu bila kunitazama. Sikumlaumu. Na sanduku langu lilikuwa na magurudumu.

Usiku wa tano nilikwenda kusikiliza fado, nyimbo zao za huzuni. UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2011. Mwanamke kajifunga shali nyeusi, magitaa mawili, taa zinapunguzwa, na watu wanakatazwa hata kugonga kijiko. Nilimsikiliza nikiwaza taarabu: malalamiko ni yaleyale, bahari ileile, mtu aliyeondoka hakurudi. Lakini kwetu ukiguswa unainuka, unakwenda kumtunza mwimbaji, unaringa kidogo na shoga yako njiani. Pale unaguswa umekaa. Mkono wangu ulikuwa umeshashika noti, ukabaki nayo.

Sintra nilikwenda siku moja kwa treni. Kasri za rangi, msitu, ukungu, watu kama maji. Sina la kuongeza. Jumba la vigae, Museu do Azulejo, lina picha ya Lisbon kabla ya tetemeko, ya vigae, urefu mita 23, na hapo nilikuwa karibu peke yangu.

Jioni ya mwisho nilipanda kivuko cha Cais do Sodré kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto. Nauli yuro moja na ushee. Hapana watalii wengi. Ni watu wanaotoka kazini, mifuko ya sokoni miguuni, wamechoka, wameegemea vioo. Pantoni ya Kigamboni kabisa, pungufu ya wauza karanga. Nilisimama nyuma nikautazama mji unavyopanda kilima baada ya kilima, na mwanga wake wa jioni ule ambao kila mtu anausifu, nao ni kweli ni wa kusifiwa. Kwenye maji yaleyale merikebu zilipita zikienda kwetu. Korosho zilitufikia kwa njia hiyo pia, kutoka Brazili, na muhogo. Mama ana mikorosho sitini.

Nikiulizwa alama, naipa nane juu ya kumi. Moja nimeikata kwa ajili ya foleni na kibaka, nyingine kwa ule mnara. Septemba au Oktoba ni majira mazuri, maji ya bomba yananyweka, na vilele vya kutazamia mji, hasa Senhora do Monte, ni bure. Usikae Alfama, tembelea, ulale kwingine.

Mama ameanza kuulizia pasipoti. Anasema anataka kuona kama wameandika Kilwa sawasawa. Viatu nimeshamnunulia.